Muulizeni Mama Kama Mtoto Anakoroma
Barua ya wazi kwa wauguzi wa kliniki za mama na mtoto

Wauguzi wenzangu, kuanzia zahanati hadi hospitali za mikoa,

Nawaandikia kutoka wodi ya masikio, pua na koo, ambako watoto mnaowafuatilia kwenye kadi zenu hufika wakiwa wamechelewa mno, na wengine hufika wakiwa hawana sababu ya kufika. Nyinyi ndio mnaowaona kwanza. Mtoto wetu akitimiza miaka mitano ameshapita mikononi mwenu mara nyingi kuliko kwa daktari yeyote: mmemning'iniza kwenye mizani, mmemchoma chanjo, mmemwekea nukta kwenye chati ya ukuaji. Ndiyo maana ombi langu nalileta kwenu kabla ya kulipeleka kwa wakubwa.

Naomba kila mnapompima uzito mtoto aliyevuka mwaka mmoja, mumwulize mama: "Mtoto akilala, anakoroma?" Akijibu ndiyo, mumwulize na la pili: "Kuna wakati pumzi inakata, halafu anashtuka?"

Miongozo yetu ya mtoto mgonjwa inatutaka tuulize kikohozi au kupumua kwa shida, kuharisha, homa na sikio. Ni maswali mazuri, yameokoa watoto wengi. Lakini yanamtazama mtoto aliye macho, saa nne asubuhi, kwenye benchi la kliniki. Mtoto mwenye tonsili kubwa na nyama za puani saa hiyo anaonekana mzima. Anavuta kanga ya mama yake, anakula biskuti, anacheka na mwenzake. Shida yake inaanza akishafumba macho, na anayeishuhudia ni mtu mmoja tu, yule anayelala naye.

Na mtu huyo hasemi asipoulizwa. Kwa wengi wetu kukoroma ni dalili ya usingizi mzito. Baba yake anakoroma, babu yake alikoroma, basi mtoto karithi. Mama akija kliniki analalamika mengine kabisa: mafua hayamwishi, chakula anakitafuna muda mrefu na kukitema, hanenepi, ameanza tena kukojoa kitandani wakati alishaacha, mwalimu wa chekechea anasema hatulii. Sisi tunaandika dawa ya minyoo na vitamini, na nukta kwenye chati inaendelea kulala palepale mwezi hadi mwezi.

Usiku wa kabla ya upasuaji watoto hawa tunawasikia tangu kwenye korido. Ukiingia wodini unamkuta mtoto kichwa kimelala nyuma, shingo imenyooka, mdomo wazi, shuka limelowa jasho hata kama madirisha yote yamefunguliwa. Kila anapovuta hewa, kishimo cha chini ya koo kinaingia ndani na mbavu za chini zinajichora. Halafu sauti inakata. Kifua kinaendelea kuhangaika, ila ukiweka kiganja mbele ya pua na mdomo huhisi kitu. Kile kifaa cha kubana kidoleni kilichokuwa kinasoma oksijeni 97 kinaanza kushuka, 93, 89, 84. Kisha mtoto anashtuka, anavuta hewa kwa mkoromo kama aliyepaliwa, anageukia upande wa pili, na yote yanaanza upya. Mama wengi wana mazoea ya kulala na mkono juu ya kifua cha mtoto. Hakuna aliyewafundisha. Pumzi ikichelewa wanamtikisa kidogo, wanasinzia tena, na alfajiri wanaamka kuwahi sokoni.

Tuelewane kwanza kinachoziba. Tonsili, ambazo mtaani tunaziita tonsesi, ni tezi mbili zinazoonekana kushoto na kulia mwa koo mtoto akifungua mdomo. Zile tunazoziita nyama za puani ni tezi ya jamii hiyohiyo, ila imejificha juu, nyuma kabisa ya pua, ndiyo maana huwezi kuiona kwa tochi. Daktari Wilhelm Meyer wa Copenhagen ndiye aliyeieleza kinagaubaga mwaka 1868, baada ya kuwachunguza wagonjwa wenye pua zilizoziba na masikio mazito. Tezi hizi hukua haraka kati ya miaka 2 na 7 hivi, kisha hupungua zenyewe. Mtoto anapobalehe, nyama za puani kwa kawaida zimeshasinyaa. Shida iko kwenye ile miaka ya katikati, tezi zimekua na koo bado ni jembamba. Mchana misuli ya koo inaishikilia njia ikae wazi. Usingizi ukikolea misuli inalegea, na njia inajifunga.

Mtoto anayepambana na hewa usiku kucha anatumia nguvu ambayo ingekwenda kwenye mwili. Usingizi wake unakatwakatwa, na homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi pale mtoto anapokuwa kwenye usingizi mzito. Juu ya hayo tonsili kubwa zinamfanya ashindwe kumeza ugali vizuri. Hapo ndipo uzito unapogoma. Oksijeni ikishuka kila usiku kwa miezi na miaka, mishipa ya damu ya mapafu inabana, na upande wa kulia wa moyo unalemewa. Wapo watoto wanaotufikia miguu imevimba, ini limekua, wameandikiwa dawa za moyo, na chanzo chote kiko kooni. Wengi wao, njia ya hewa ikifunguliwa mapema, moyo unapata nafuu.

Kwamba pua iliyoziba inamharibia mtoto masomo si jambo lililogunduliwa juzi. Mwaka 1889 daktari William Hill wa London aliandika katika British Medical Journal kuhusu watoto wanaoonekana wazito wa akili darasani kumbe hawapumui vizuri. Mwaka 2013 utafiti mkubwa wa Marekani ulichapishwa, uliofuatilia watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 waliokuwa wanakatikiwa pumzi usingizini. Nusu walifanyiwa upasuaji mapema, nusu wakaangaliwa tu kwa miezi saba. Kati ya waliopasuliwa, 79 katika kila 100 usingizi wao ulirudi kawaida, na wazazi wakaona tabia na hali ya maisha imebadilika. Kati ya waliosubiri, 46 katika kila 100 nao walirudi kawaida bila kisu.

Namba hizo mbili nazitaja pamoja kwa makusudi. Kusubiri kwa uangalizi ni tiba halali kwa mtoto ambaye hali yake si mbaya. Na katika utafiti huohuo vipimo vya umakini na kupanga mambo, ambavyo ndivyo watafiti walivyovipa uzito wa kwanza, havikutofautiana sana kati ya makundi hayo mawili. Kwa hiyo msimwahidi mama kwamba mtoto akishapasuliwa atashika namba ya kwanza darasani. Mwahidini usingizi na hewa. Hivyo ndivyo tunavyoweza kumpa.

Kukoroma peke yake hakumpeleki mtoto thieta. Mtoto akipata mafua atakoroma siku mbili tatu, kisha ataacha. Anayenitia wasiwasi ni yule anayekoroma usiku mwingi wa wiki hata akiwa hana mafua, na juu yake kuna pumzi kukata, jasho, kulala shingo imetupwa nyuma au kulala amekaa, kukojoa kitandani upya, uzito kusimama. Huyo mwandikieni rufaa, kwa sababu kwa mtoto wa aina hiyo upasuaji ndio tiba ya kwanza, na hakuna haja ya kusubiri augue koo mara kadhaa ndipo astahili.

Lipo kundi la pili, na hapa naomba muwe wagumu. Ni mtoto ambaye mama yake amekuja kusema, "Nesi, naomba barua, tonsesi zinamsumbua, nataka akatwe." Mara nyingi amesikia kwa jirani, au duka la dawa wamemulika koo na kumwambia ni kubwa. Ukubwa peke yake si ugonjwa. Katika utafiti uliochapishwa New York mwaka 1934, American Child Health Association iliwaangalia watoto wa shule 1,000 wa miaka 11. Walikuta 611 wameshaondolewa tonsili. Waliobaki, 389, wakapelekwa kwa madaktari, na 174 wakaambiwa wakatwe. Wale 215 walioonekana wazima wakapelekwa kwa madaktari wengine, nao wakachagua 99. Wakabaki 116, wakapelekwa tena kwa wengine, na karibu nusu yao nao wakaambiwa wakatwe. Mwisho wa yote walibaki watoto 65 ambao hakuna daktari aliyewashauri kisu. Miaka minne baadaye, mwaka 1938, James Alison Glover alionyesha kwamba Hornsey, huko London, upasuaji wa tonsili kwa watoto wa shule ulishuka hadi kama sehemu ya kumi ya ulivyokuwa, mara baada ya kubadilishwa daktari wa shule. Watoto walikuwa walewale na makoo yaleyale.

Nikisoma habari hizo nawafikiria wale watoto wa New York waliolazwa, wakapewa nusukaputi ya enzi zile, wakamwaga damu, kwa sababu tu kila daktari aliyewafungua mdomo alitarajia kukuta kitu. Kisichopimwa kwa kipimo kinapimwa kwa mazoea. Ndiyo maana tunahitaji hesabu.

Hesabu inayotumika hadi leo ilitoka kwa Jack Paradise na wenzake wa Pittsburgh, waliochapisha matokeo yao mwaka 1984. Mtoto anafikiriwa kuondolewa tonsili kwa sababu ya mafindofindo akiwa ameugua mara 7 au zaidi ndani ya mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2 mfululizo, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3. Na kila mara lazima koo linalouma liwe na ushahidi angalau mmoja: homa ya nyuzi 38.3 au zaidi, tezi za shingo zilizovimba au zinazouma, usaha au utando juu ya tonsili, au kipimo kilichoonyesha bakteria wa streptokoka. Chini ya hapo, kwa kawaida tunasubiri. Hata kati ya waliofikia hesabu hiyo, wengi ambao hawakupasuliwa nao walianza kuugua mara chache kadiri miaka ilivyokwenda; faida ya upasuaji ilionekana zaidi katika miaka miwili ya mwanzo.

Sasa tuseme ukweli kuhusu hesabu hiyo katika mazingira yetu: nani anahesabu? Mara ya kwanza mtoto anatibiwa zahanati, mara ya pili duka la dawa, mara ya tatu kwa shangazi aliyeko mkoa mwingine, na daftari la mara ya kwanza limeshaliwa na panya au limeandikwa mazoezi ya hesabu na kaka yake. Akifika kwetu, mama anasema "kila mwezi", na sisi hatuna karatasi hata moja. Hapa kalamu zenu zina nguvu kuliko kisu chetu. Mtoto akija na koo, mpimeni joto na mliandike. Andikeni "usaha upo" au "usaha haupo". Andikeni tarehe. Mwambieni mama daftari hilo alitunze pamoja na kadi ya kliniki, kwenye mfuko huohuo wa nailoni. Baada ya mwaka tutajua kama ni mara saba au mara mbili, na watoto wengi wataokoka na kisu wasichokihitaji.

Mara nyingi koo la mtoto linaumwa kwa sababu ya virusi na halihitaji antibiotiki. Lakini lile la streptokoka likiachwa linaweza kuleta homa ya baridi yabisi, hasa kati ya miaka 5 na 15, na homa hiyo ikila vali za moyo hakuna kidonge cha kuzirudisha. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam inawapokea vijana ambao safari yao ilianzia kwenye koo lililopuuzwa. Kinga ya hilo ni penisilini: amoksilini inayomalizwa siku zote 10, au sindano moja ya benzathini. Mama anayeacha dawa siku ya tatu kwa kuwa mtoto amepata nafuu anahitaji kuambiwa habari hii kwa utaratibu, si kukaripiwa.

Nakuja kwenye kimeo, na hapa moyo unaniuma.

Bado wanatuletea watoto waliokatwa kimeo. Wengine wana miezi michache tu. Mtoto anakuja mweupe viganja na midomo, kanga ya mama imeganda damu, sauti ya kulia haitoki. Wengine hawatoki damu, wanakuja baada ya siku kadhaa na homa, shingo imevimba, au taya limekaza na pepopunda. Kabla ya hapo mtoto alikuwa anakohoa, au anatapika, au haongezeki uzito. Bibi akamfungua mdomo, akaona kimeo kinaning'inia, akasema ndicho kinachomkereketa. Mkataji hayuko mbali, bei ni nafuu, na wembe au waya uleule umepita kwenye mdomo wa mtoto aliyetangulia, na virusi vya Ukimwi na homa ya ini husafiri kwa njia hiyohiyo.

Kimeo kirefu hakisababishi kikohozi. Ni kinyama cha mwisho wa kaakaa laini, na mtoto akimeza hunyanyuka pamoja na kaakaa kuziba njia ya pua ili maziwa yasipande juu. Kikohozi kisichoisha kina wenyewe: nimonia, kifua kikuu, pumu, kitu alichomeza kikaingia njia ya hewa. Kila siku inayotumika kwenye kimeo, ugonjwa wenyewe unasonga mbele. Na kuna hasara nyingine ambayo wengi hawaijui. Daktari kabla ya kuondoa nyama za puani hukiangalia kimeo. Kikiwa kimegawanyika ncha mbili, huenda kaakaa lina mpasuko uliofichika. Mtoto wa namna hiyo akiondolewa nyama zote za puani, sauti yake inaweza kuanza kutokea puani, na uji kurudi kwa njia ya pua. Kwa mtoto aliyekwisha kukatwa kimeo, ishara hiyo haipo tena.

Naomba tusimgombeze mama huyu mbele za watu. Mara nyingi hakuamua yeye. Ameamuliwa na mama mkwe au na ukoo, naye amekubali kwa sababu mtoto anakohoa na zahanati imempa dawa ileile mara ya tatu. Mgombeze leo, kesho hatakuja kabisa. Afadhali mumwite na bibi, mmulike tochi mdomoni mwa mtoto wake na mdomoni mwa mtoto mwingine mzima aliyeko benchini, bibi aone kwamba kila mtu anacho, na kwamba mtoto akilia kinaonekana kirefu zaidi. Nimeona mabibi wakinyamaza baada ya kuonyeshwa hivyo. Kisha mpimeni mtoto kwa kikohozi chake, mhesabu pumzi, mwulize kama nyumbani kuna mtu anayekohoa muda mrefu. Bibi anataka mtoto apone. Akiona kuna mtu anatafuta sababu kwa dhati, wembe ataachana nao.

Masikio nayataja kwa kifupi. Nyama za puani zikiziba mlango wa mrija unaotoka nyuma ya pua kwenda sikioni, ute unajaa nyuma ya ngoma ya sikio. Hakuna maumivu, hakuna usaha unaotoka, ila mtoto anasikia kama yuko chini ya maji. Anaitwa mara tatu ndipo anageuka, anaongeza sauti ya redio, anachelewa kuongea, na wazazi wanamwita mkaidi. Mara nyingi ute huo unakauka wenyewe ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo tunaanza kwa kusubiri na kupima tena. Usipokauka na pua imeziba, basi nyama za puani ziondolewe, na wakati mwingine kuwekwa kijimrija kwenye ngoma ya sikio. Tonsili zibaki zilipo kama hazina kosa. Si lazima vyote viondoke kwa sababu mtoto ameshalazwa.

Kuna watoto ambao msisubiri hata majibu ya maswali mengi. Mtoto mwenye selimundu anayekoroma asubiri kwa nini? Oksijeni ikishuka usiku ndipo chembe zake za damu zinapojikunja, na nchi yetu ni miongoni mwa zile ambako huzaliwa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huo. Mtoto mwenye ugonjwa wa Down njia yake ya hewa ni nyembamba tangu kuzaliwa. Hata mama asipotaja kukoroma, mwulizeni. Pia mtoto ambaye tonsili ya upande mmoja inakua haraka kuliko ya pili, huyo aonwe upesi kwa sababu nyingine, kwamba saratani ya tezi huweza kuanza hivyo. Na mtoto ambaye tezi zake zimevimba kooni, shingoni na kwapani apimwe Ukimwi kabla hatujafikiria kisu. Watoto wa selimundu wanahitaji maandalizi kabla ya nusukaputi, maji ya kutosha na pengine damu, kwa hiyo andikeni "selimundu" kwa herufi kubwa juu kabisa ya barua ya rufaa.

Mama atawauliza, "Akiondolewa, kinga yake haitapungua?" Mjibuni kwa ukweli. Mwili una tezi nyingine nyingi zinazofanya kazi hiyo, na watoto waliopasuliwa kwa sababu sahihi wanaendelea vizuri. Ila upo utafiti wa Denmark wa mwaka 2018, uliopitia kumbukumbu za watoto karibu milioni 1.2, uliokuta kwamba walioondolewa tezi hizi kabla ya miaka 9 waliugua zaidi magonjwa ya njia ya hewa baadaye maishani. Haukuthibitisha kwamba upasuaji ndio ulioleta magonjwa hayo. Pengine walikuwa watoto wagonjwa tangu mwanzo. Kwangu mimi unatosha kutufanya tusikate bila sababu. Mtoto anayekatikiwa pumzi kila usiku ana sababu.

Baada ya upasuaji mtoto anarudi kwenu, na hapa kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza ni ule utando mweupe kooni. Siku ya tatu mama atamulika, ataona weupe, atakimbilia kwenu akidhani ni usaha. Ni kidonda kinachopona, na mdomo kunuka siku hizo ni kawaida. Msimwanzishie sindano. Mhimizeni mtoto ale na kunywa, hata kama analia, kwa sababu koo lisilomeza linakauka na kuuma zaidi. Apewe parasetamoli kwa saa, pamoja na ibuprofeni kama daktari ameiandika. Asipewe aspirini. Asipewe kodeini wala dawa ya kikohozi yenye kodeini. Wapo watoto ambao miili yao huigeuza haraka kuwa mofini, na wengine wamekufa usingizini baada ya upasuaji huu, ndiyo maana Marekani waliikataza kwa watoto hawa mwaka 2013.

La pili ni damu. Inaweza kutoka ndani ya saa 24 za kwanza, akiwa bado kwetu, au kati ya siku ya 5 na ya 10, akiwa kwenu, wakati utando unabanduka. Wodini usiku sisi hatusubiri kuiona. Tunamulika tochi kwa mbali na kutazama shingo: mtoto aliyelala anayemeza mara kwa mara, huku hakuna anachokula, anameza damu. Wafundisheni mama ishara hiyo. Damu yoyote mbichi siku hizo ni safari ya hospitali usiku huohuo, hata ikikoma njiani.

Nalijua mnalotaka kuniambia: tukiwaandikia rufaa wataenda wapi, wakati madaktari wa masikio, pua na koo ni wachache na wako mbali, Muhimbili, KCMC, Bugando, Mbeya, na hospitali chache za mikoa? Ni kweli, na foleni ni ndefu. Ndiyo maana nataka anayekuja awe yule anayestahili, na aje na ushahidi. Mwambieni mama, au jirani mwenye simu ya kisasa, ampige mtoto video ya dakika mbili akiwa usingizini, kifua wazi, taa ikiwaka, sauti isikike. Kipimo cha usingizi cha usiku mzima kwetu ni adimu sana, na video hiyo inamwonyesha daktari kile ambacho mtoto aliye macho hawezi kumwonyesha. Kama kituo chenu kina kifaa cha oksijeni cha kidoleni na mtoto amelazwa kwa sababu yoyote, mfungeni usiku na mwandike namba ya chini kabisa mliyoiona. Namba nzuri usiku mmoja haimwondolei shida. Namba mbaya inamtoa nyuma ya foleni.

Wakati anasubiri, daktari anaweza kumwanzishia dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, na wapo ambao nyama zao hupungua wakaepuka kisu. Alale ubavu. Jiko la mkaa na kuni lisiwe chumba anacholala, na anayevuta sigara avutie nje, mbali na mlango. Akianza kuwa wa bluu midomoni, au akiwa mgumu kuamka asubuhi, au miguu ikivimba, foleni imekwisha. Aje siku hiyo.

Barua yenu ya rufaa isomeke hivi: umri, uzito wa leo na wa miezi sita iliyopita kutoka kwenye kadi, anakoroma usiku ngapi kwa wiki, pumzi inakata au haikati, mara ngapi ameugua mafindofindo yaliyoandikwa na tarehe zake, selimundu imepimwa au haijapimwa, kimeo kipo au kilikatwa. Mistari saba inatosha. Na mtoto akirudi kliniki miezi mitatu baada ya upasuaji, mpimeni, mwekeeni nukta yake, na mtuandikie uzito huo kwenye karatasi ileile ya majibu ya rufaa muirudishe kwetu kwa mkono wa mama, maana sisi tukishamruhusu mtoto hatumwoni tena.

Wenu katika kazi,
Muuguzi mwenzenu, wodi ya masikio, pua na koo